Haja Aliyoibana Velka

Mwezi wa Mei, bonde zima hulewa harufu ya waridi. Watu huamka kabla ya jua, kwa kuwa waridi likipigwa na jua hupungukiwa na mafuta yake. Velka alikuwa mchumaji hodari. Ukungu ulipokuwa bado umelala juu ya miti ya waridi, mikono yake ilikwisha kuanza kazi, na aproni yake ilijaa maua mabichi ya umande. Asubuhi nyingine alijiona kama anatembea ndani ya ndoto ya mtu mwingine.

Lakini shambani hapakuwa na choo. Wanaume walijisogeza ukingoni, basi. Wanawake waliona haya. Velka akajitafutia dawa yake: hakunywa maji. Haja ndogo ikimshika, aliibana mpaka arudi nyumbani mchana.

"Mimi nimechuma miaka thelathini hivyo hivyo," alisema mama mkwe wake, Mama Gana. "Na bado nipo, nakusumbua."

Wiki ya pili, haja ikaanza kumchoma. Ilimjia kila mara, nayo ilitoka matone tu, yenye rangi iliyokolea kama chai ya mkandaa.

"Umekalia jiwe baridi," alisema Mama Gana. Akapasha tofali moto, akalifunga kwa sufu, akamwekea tumboni. Velka alifarijika kidogo. Velka hakumwambia kitu mumewe, Nedko. Angeanzia wapi?

Siku ya nne ya maumivu hayo, Velka alikuwa katikati ya mistari ya waridi alipoanza kutetemeka. Mgongo ulimkata chini ya mbavu, upande wa kulia. Maua yakawa kama yanaachia matawi na kupaa, taratibu, moja moja, yakiingia kwenye ukungu. Aliwasikia wenzake wakimwita kutoka mbali, kama wako chini ya kisima. Kisha akaona uso wa Nedko juu yake. Alikuwa amembeba kumpeleka nyumbani.

Jirani yao Raina, muuguzi wa kijiji, alifika mbio. Akamgusa paji la uso, kisha akambonyeza mgongoni. Velka akaruka kwa maumivu.

"Ukienda haja ndogo, inachoma?"

Velka alimtazama mumewe, akageukia ukutani.

"Nedko, katuchemshie chai," alisema Raina.

"Naweza kukaa hapa."

"Najua unaweza. Nenda."

Alipotoka, Velka alieleza yote kwa kunong'ona.

"Mama Gana, hili si la tofali," alisema Raina. "Homa, mgongo, na haja inayochoma. Figo zimeshambuliwa. Twende hospitali sasa hivi."

Hospitalini walipima mkojo wake, wakamtundikia dripu ya dawa. Siku mbili Velka alielea kati ya usingizi na kuamka, na mapazia meupe yakawa ukungu wa shambani. Siku ya tatu homa ilishuka. Raina alimkuta ameketi, Mama Gana yuko kitini kando yake.

"Dada Raina, hizo figo ziko wapi hasa?" aliuliza Velka.

"Geuka." Raina akaweka kidole mgongoni mwake, chini ya mbavu. "Moja hapa, na nyingine hapa. Kila moja ni kama ngumi yako, ina umbo la harage. Mama Gana, mtindi unauchujaje?"

"Kwa kitambaa. Utauchujaje tena?"

"Figo nazo huchuja damu, usiku na mchana. Kinachofaa hukirudisha mwilini. Uchafu na maji ya ziada ndiyo mkojo." Kidole chake kikashuka polepole kwa mistari miwili. "Mirija miwili myembamba huuteremsha hadi kwenye kibofu, chini ya kitovu huko. Kibofu ni mfuko wa msuli. Hutanuka kikijaa, kisha hukuambia: nenda. Mkojo hutoka nje kwa mrija mmoja wa mwisho. Wa kwetu wanawake ni mfupi, hauzidi kidole gumba."

"Na ugonjwa ukaingilia wapi?"

"Hapo hapo kwenye mrija mfupi. Vijidudu huingia kutoka nje. Mkojo ukipita mara kwa mara, unaviosha. Wewe hukunywa maji, na haja ukaibana. Vikatulia kwenye kibofu, vikazaana, vikapanda mpaka kwenye figo."

"Kwa hiyo si jiwe," alisema Mama Gana.

"Si jiwe. Wala si aibu. Velka, kunywa maji mpaka mkojo uwe na rangi ya manjano hafifu. Zisipite saa tatu au nne hujaenda msalani. Ukijisafisha, anzia mbele kwenda nyuma. Na vidonge uvimalize vyote, hata ukijisikia mzima."

Mama Gana alisogeza kiti karibu na Raina.

"Mimi inanichoma tangu wakati wa theluji," alisema. "Nilidhani ni uzee."

Velka alimshika mkono. Hakuwahi kumsikia mkwewe akilalamikia mwili wake.

"Nitakuja kupimwa kesho," alisema Mama Gana.

"Kesho ya nini, mama?" alisema Raina. "Maabara iko hapo chini. Inuka."

Alipopata nguvu, Velka alimwendea msimamizi wa shamba. Alimweleza yaliyompata, bila kuinamisha macho.

"Hapa hapajawahi kuwa na choo," alisema msimamizi.

"Na mimi sikuwahi kulazwa. Mwaka huu kuna mambo mapya."

Msimamizi akakubali. Nedko na wenzake wakapewa mbao. Wakajenga vyoo viwili mwisho wa shamba, wakaweka pipa la maji lenye bomba, na sabuni.

Wiki ya mwisho ya mavuno, Velka alirudi kazini. Alichuma polepole, akinywa maji kila baada ya muda. Mama Gana, ambaye sasa, baada ya kutibiwa, alilala usiku kucha bila kuchomwa, alikuja kumsaidia. Alimwona mwanamke mmoja akichuma huku amebana miguu.

"Dada," alimwita katika ukungu, kwa sauti ya kusikika na shamba zima, "weka hilo gunia chini uende. Nitakuchumia mstari wako."

Wanawake wakacheka, na yule dada akaenda.