Samaki Juu ya Mbugangari

Mambo ya kutisha watu hupenda kuyaanzisha usiku wa manane. Ya Donat yalianza Jumamosi mchana kweupe, jua limetoka baada ya mvua, na yeye mwenyewe akiwa na furaha ya kumaliza kazi kubwa. Ramani yake ya Gisenyi ilikuwa imetoka mashineni, bado inanuka wino. Aliikunja, akaitia kwapani, akapanda hadi mtaa wa Mbugangari kumwonyesha mama yake.

Ramani za Donat si zile za ofisi za ardhi. Zake ni za mapambo, za kutundikwa ukutani, ambazo ziwa lake linapendeza kuliko ziwa lenyewe. Kwanza hutembea mji mzima kwa miguu, penseli mkononi, akichora kila kitu kinachomvuta jicho. Halafu hukaa mezani na kuanza uongo wake mtamu: kinachouza hukikuza, kisichouza hukipunguza. Akinamama wa Petite Barrière, kivuko cha mpakani, na beseni zao za nyanya aliwafanya wakubwa kuliko jengo la forodha. Ufukwe aliuongezea mitende. Ramani hiyo ndiyo angeiweka mbele kabisa katika jalada la kazi zake, aende nalo Kigali kuomba kazi ya kuchora miji mingine.

Tatizo lilikuwa Mbugangari. Vichochoro vimesukana, mabati yamebanana, hakuna hoteli wala mnara. Donat alichora akafuta, akachora akafuta, mwishowe akachoka. Akafanya kile wachoraji wa ramani hufanya wakibaki na pahala pa kuwasumbua: akaweka pambo. Alichora samaki wa ziwani, sambaza mmoja mnene, mweupe tumboni, akamlaza juu ya mtaa mzima, na ubavuni mwake akaandika GISENYI kwa herufi za madoido. Chini ya samaki yule hakuchora hata njia moja. Nani angeuliza?

Mama yake aliuliza.

Mukabalisa alikuwa uani akianika nguo, kandambili za bluu miguuni, ile ya kushoto imefungwa waya mahali mkanda ulipokatika. Ni mwanamke aliyevuka mpaka na nyanya kichwani miaka nenda rudi ili mwanawe apate rangi na karatasi. Alifuta mikono, akaitazama ramani kwa fahari. Kidole chake kilianzia sokoni, kikapanda taratibu, kikafika kwenye tumbo la samaki, kikasimama.

"Donat, mutoto yangu. Na kwangu iko wapi?"

"Huku watalii hawafiki, Mama."

"Mi si mutalii. Mi naishi hapa." Alicheka, lakini kidole hakukiondoa. "Sasa hii samaki imenilalia. Utaitoa, sha. Mutu anafunikwa wakati amekufa. Mi iko muzima."

"Nitakutengenezea ingine," Donat alisema, kama watoto wote wanavyowajibu mama zao wakiwa na haraka. Jioni ile ile alizipeleka ramani hotelini kwa Bella, mteja wake, kule ziwani, zikatundikwa chumba kwa chumba.

Kesho yake mchana simu ililia.

"Donat, huku nje wanajenga nini?" Mama yake alikuwa akinong'ona. "Nafungua mulango, nakuta ukuta. Nyeupe. Iko na maji-maji."

Alidhani majirani wameanza ujenzi wao wa fujo. Akachukua pikipiki. Dereva, mtoto wa Mbugangari hasa, alizunguka, akazunguka tena, akasimama akijikuna kichwa chini ya kofia ngumu. Donat akashuka, akatembea.

Aliliona geti la kijani la Saidati, jirani wa kulia. Aliiona nyumba ya mzee Ndahiro, jirani wa kushoto. Nyumba ya mama yake inakaa katikati yao. Kuta zile mbili zilikuwa zimegusana. Hata wembe usingepita. Na pale zilipogusana, kitenge cha mama yake kilikuwa kimebanwa, nusu kinaning'inia nje, nusu nyingine hakuna.

Saidati alitoka getini, macho yamemtoka.

"Asubuhi nilienda kumusalimia," alinong'ona. "Nikatoka kwangu, nikatembea, nikajikuta kwangu. Mara tatu, Donat. Yezu we, sijanywa kitu."

Simu ililia mkononi.

"Nasikia sauti yako," mama yake alisema.

"Niko hapa, Mama. Nimeshika ukuta."

"Na mi nimeshika. Iko baridi. Donat, inapumua. Na juu kunatonya. Maji inanuka samaki."

Ndipo alipoelewa. Ni samaki wake. Alikimbia.

Nyumbani alimpita mke wake, Denyse, bila salamu, akaingia chumba cha kazi, akawasha tableti. Samaki alikuwa kwenye tabaka lake peke yake, lililofutika bila kugusa mchoro mwingine. Aligusa mara moja tu, samaki akatoweka.

"Mama? Mama, umeona?"

"Imetoka! Ukuta imetoka! Asante Yezu." Alimsikia akivuta pumzi, akicheka, akipiga hatua. Kisha hatua zikakoma.

"Donat."

"Ndiyo, Mama."

"Hakuna kitu."

"Hakuna vipi?"

"Hakuna njia. Kwa Saidati hakuna. Chini nyeupe, juu nyeupe. Nimegeuka, hata nyumba siioni. We umefanya nini?"

Donat alitazama kioo cha tableti. Pale alipokuwa samaki palibaki karatasi tupu, kama alivyoiacha.

Alishika kalamu, akaanza kuchora njia, geti la Saidati, paa la Ndahiro. Alipofika kwenye nyumba ya mama yake, mkono ulisimama. Alizaliwa mle. Mitende ya ufukweni aliijua mmoja mmoja, lakini dirisha la mama yake hakulikumbuka. Machozi yakamlenga.

"Mama, dirisha iko rangi gani?"

"Umesahau?" Aliuliza bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma. "Ya kahawia. Mulango bluu. Papa yako alipaka."

Alichora. Kahawia. Bluu. Aliomba huku akichora.

"Naona kwangu," mama yake alisema. "Iko ndogo, lakini naona. Niko ndani tayari, sijui nimeingia aje. Sasa natoka." Kikasikika kishindo kidogo, kama mtu anayepiga godoro. "Haifunguki. Donat, hii si mulango. Umeichora tu."

Akachora kitasa. Akachora bawaba. Akachora tundu la ufunguo.

"Sukuma, Mama! Sukuma kwa nguvu!"

"Nasukuma."

"Sukuma!"

"Nasukuma, mutoto yangu. Simu inataka kuzima. Umeme hukunichorea. We usilie. Mi nitaendelea kusukuma."

Simu ikakatika. Tangu hapo ikawa haipatikani.

Alichapisha ramani mpya, zenye kale kanyumba ka mlango wa bluu, akaenda kuzibadilisha zote hotelini kwa mkono wake. Moja aliipigilia kwenye ukuta wa chumba chake cha kazi. Aliwaza kwamba mji ukionekana sawa ukutani, utakuwa sawa na chini. Kila siku alipanda Mbugangari. Kila siku kuta mbili zilikuwa zimegusana. Polisi walimsikiliza kwa upole, wakamwambia akapumzike. Padri aliombea ukuta. Denyse alimpikia, akamshika bega. Jalada la kazi zake lilijaa vumbi mezani.

Hata asubuhi moja, akiwa amesimama tena mbele ya zile kuta, Bella akampigia. Bella alikulia Tanzania, Kiswahili chake kilinyooka.

"Donat, safari hii karatasi yako haikuwa nzuri. Kila ramani imetoboka, tena mahali pamoja, pale kwenye kajumba kadogo ka Mbugangari. Na cha ajabu, zimetobolewa kutoka nyuma."

Donat alibana simu sikioni.

"Zote?"

"Zote, vyumba vyote. Lakini usijali, hatukutaka kukusumbua. Tumeziba kwa stika za hoteli, hata zimependeza."

"Zitoe! Bella, tafadhali, zitoe sasa hivi!"

"Kwa gundi ile? Haitoki, labda uchane ramani yenyewe. Donat? Kuna nini?"

Alikata simu. Aliikumbuka ile ya nyumbani. Ile haikuwa na stika. Akateremka mbio, akateleza, akainuka, moyo wake kwa mara ya kwanza ukiwa na tumaini la kweli. Njia nzima alikuwa akisema, ninakuja, Mama, ninakuja.

Denyse alikuwa mlangoni, fagio mkononi.

"Pole pole, usikanyage na matope," alisema. "Nimetoka kufagia mule kwako. Iko kadudu ilikuwa inatembea chini ya ramani yako, nimeitoa na takataka. Gari ya taka imeshapita."

Donat alimpita. Chumba kilikuwa safi, sakafu inang'aa kwa maji. Kwenye ramani, pale palipokuwa na mlango wa bluu, palikuwa na tundu, na kingo za karatasi zilikuwa zimesukumwa kuja upande wake.

Akapiga magoti. Kwenye ufa wa sakafu, mahali fagio lisipofika, kulikuwa na kandambili ya bluu, ndogo kama punje ya mchele. Ilikuwa ya mguu wa kushoto, na mkanda wake ulikuwa umefungwa waya.