Soketi ya Wodini

Kitu cha kwanza kupotea katika nyumba ile kilikuwa mvumo. Ule mvumo wa spika, vuuu ya chini chini, uliokuwapo tangu mke aolewe, ambao mtu akishauzoea hausikii tena mpaka siku unapoondoka. Jioni hiyo mke alikuwa sebuleni anapiga pindo sare za shule kwenye cherehani, mguu umemfa ganzi, na ghafla akainua kichwa. Nyumba ilikuwa kimya mno. Akadhani umeme umekatika, lakini taa ilikuwa inawaka.

"Umesikia?" mumewe akamuuliza. Alikuwa amepiga magoti kando ya ukuta, bisibisi mkononi, uso umemng'aa.

"Sijasikia kitu."

"Ndiyo hapo sasa. Hakuna kitu. Safi kabisa."

"Na sufuria jikoni nayo ni safi hivyo hivyo," mke akasema, akaendelea na pindo lake.

Huyu mume, kule gereji anakonyoosha bodi za magari, walimwita Sikio. Mteja akileta gari na kuapa halijawahi kugongwa, yeye aliugonga mlango kwa kidole, akainamisha kichwa, akasema hapa pana puti ya kuzibia bonde, tena nene. Hakukosea. Lakini sikio la namna hiyo nalo ni mzigo. Kutwa nzima ni nyundo juu ya bati, ni msasa, ni kompresa, na akirudi nyumbani alitaka kitu kimoja tu: kukaa kwenye kiti chake, katikati ya spika mbili, asikilize santuri alizoachiwa na marehemu baba yake. Kiti kile hakikusogezwa. Ukipita mbele yake na sinia ya chai uliambiwa, "Sogea kidogo, unaziba sauti." Mke alikuwa ameshaambiwa hivyo mara nyingi kuliko alivyowahi kuitwa mpenzi.

Mvumo ndio uliomnyima raha miaka yote hiyo. Alibadilisha nyaya, akabadilisha spika, wapi. Mpaka rafiki yake fundi umeme, ambaye watu walimwita Waya kwa kazi yake na kwa wembamba wake, alipomwambia kwamba kosa liko ukutani. Umeme ukiingia mchafu, sauti itatoka chafu. Soketi za siku hizi ni nyepesi, hazishiki plagi sawasawa, cheche ndogo ndogo zinaingia kwenye muziki. Basi akamletea moja nzito, nyekundu, aliyoing'oa katika wodi ya zamani iliyokuwa inabomolewa.

"Shemeji, hii si mchezo," Waya alimwambia mke siku alipoileta. "Hii ilikuwa inashika mashine za kupumulia wagonjwa. Plagi ikiingia imeingia. Imeokoa watu hii."

"Na wale ambao haikuwaokoa?"

Waya akacheka, kisha akaacha kucheka. "Shemeji nawe. Una maswali."

Nyuma ya ukuta ule ule palikuwa na chumba cha mama mkwe. Mapafu yake yalikuwa yamechoka, na pembeni ya kitanda ilikaa mashine ndogo ya oksijeni, imechomekwa kwenye soketi iliyopeana mgongo na ile nyekundu. Mke ndiye aliyemwogesha, aliyemgeuza, aliyemlisha. Huyu mama ndiye aliyemfundisha kushona alipoingia nyumba ile hajui hata kutunga uzi kwenye sindano, na hakuwahi kumcheka. Mke alimpenda, basi, hapakuwa na la kuongeza. Mgongo ulimuuma hivyo hivyo. Mama mkwe alikuwa na tabia yake: akishakohoa mara mbili, alishusha pumzi na kusema, "Haya basi," kama anayemuaga mgeni.

Siku za kwanza Sikio alikuwa kama amezaliwa upya. Akirudi hakuvua hata ovaroli. Aliweka santuri, akafumba macho, na kweli sauti ilikuwa nyingine. Mwimbaji alisimama pale pale sebuleni. Vidole vilisikika vikiteleza kwenye nyuzi za gitaa. "Unasikia?" alinong'ona. "Muziki unapumua."

Mke alisikia. Hilo ndilo lililomtia wasiwasi, maana hata santuri ilipokwisha, na sindano ikainuliwa, kile kitu kiliendelea kupumua.

Alijiambia ni uchovu. Halafu mchana mmoja, mume yuko kazini, alisimamisha cherehani ili abadilishe uzi, akasikia pumzi ikivutwa polepole, ikikwaruza, ikishushwa. Amplifaya ilikuwa imezimwa. Akainuka, akasogea kwenye spika ya kushoto, akaweka kiganja kwenye kitambaa chake cha mbele. Kilikuwa na joto, tena kilikuwa na unyevu, na kutoka ndani ilimjia harufu ya dawa ya kusugulia sakafu za wodi, na chini ya harufu hiyo nyingine ya shuka lililokaa na mgonjwa siku nyingi.

Akakimbilia chumba cha pili. Mashine ilikuwa inanguruma kama kawaida, taa yake ya kijani inawaka, lakini mama mkwe alikuwa amekodoa macho, midomo imekuwa ya bluu. Mke akaweka mpira wa hewa kwenye shavu lake mwenyewe. Hakuna kilichotoka. Akarudi sebuleni, akaikamata plagi ya amplifaya kwa mikono miwili, akavuta mpaka kucha ikakatika. Haikutikisika. Akazima swichi kuu, nyumba ikanyamaza, na ndani mama akaanza kutapatapa kwa sababu sasa mashine haikuwa na umeme kabisa. Akaiwasha tena. Kwenye spika kitu kikashusha pumzi ndefu, kwa raha, kama mtu aliyerudishiwa shuka lake.

Walimpeleka hospitali. Akapumua vizuri kutwa nzima, akacheka na wauguzi, wakaambiwa mashine ni nzima na kitanda kinahitajika, warudi nyumbani. Usiku ule ule midomo ikarudi kuwa ya bluu. Mke akahamishia mashine kwenye soketi ya cherehani, akaihamishia jikoni. Laini ya nyumba nzima ilikuwa moja, haikusaidia.

"Ng'oa hiyo soketi," alimwambia mumewe kwa sauti ya chini, maana tayari alikuwa ameanza kuogopa kusikiwa. "Inamla mama."

"Soketi inamla mtu?"

"Nimekugusisha kile kitambaa. Umekigusa mwenyewe."

"Spika ikifanya kazi hupata joto." Akajipangusa vumbi la puti kwenye nyusi. Alionekana mzee. "Nimechoka, mama watoto wa watu. Nyundo asubuhi, nyundo jioni. Niachie kitu kimoja kizuri. Kimoja tu."

Hawakuwa na watoto, na hilo jina lilikuwa utani wao wa siku nyingi. Siku hiyo halikumchekesha mtu. Mke alikuwa na uchovu wa kutosha kugombana wiki nzima, ila hakuwa na nguvu ya kuanza.

Santuri yenyewe ndiyo iliyomshinda mume. Ilikuwa ile aliyoipenda kuliko zote, ya zamani kuliko yeye, na alijua kila mkwaruzo wake. Mwimbaji alimaliza ubeti, gitaa likabaki peke yake, na pale ambapo siku zote palikuwa kimya, mwanamke akakohoa. Akakohoa tena. Akashusha pumzi. "Haya basi," likasikika kutoka kwenye spika zote mbili, safi, halina mvumo hata kidogo.

Sikio hakuhitaji kuelezwa. Alikwenda chumba cha pili akamkuta mama yake amefumbua kinywa, shingo imekaza mishipa, anamwita kwa jina na hakuna sauti inayotoka.

Kesho yake akamleta mganga. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mkoba uliokatika mshipi, na alipoingia alivua viatu, akaketi, akajikanda vifundo vya miguu kabla ya kusalimia sawasawa. "Nisameheni, nimetembea sana. Siku hizi hawakai tena kwenye visima. Wamo kwenye friji, wamo kwenye simu. Haya, yuko wapi wenu?"

Wakamwonyesha. Akafukiza ubani mbele ya soketi, na moshi haukupanda. Ulipinda, ukaingia kwenye matundu yake polepole, wote, mpaka makaa yakabaki matupu.

"Nani wewe?" mganga akauliza.

Spika zikajibu kwa sauti ya mama mkwe. "Nilikuwa nimetulia ukutani. Waliokuwa wanakwisha waliniachia pumzi zao za mwisho, zikanitosha. Mkanileta hapa wenyewe, mkanisafishia njia."

"Toka."

"Nitokee wapi? Sina kifua."

Mganga akawavuta wawili hao mpaka uani, akazungumza nao kwa kunong'ona. Huyu, alisema, anaishi kwa pumzi kama wote wanaoishi, na akivuta ndani anakuwa hana mahali, yuko katikati. Plagi itamwachia wakati huo tu. Iweke santuri ile. Kabla ya ubeti wa mwisho ataivuta pumzi ya kuimbia. Hapo hapo, kabla neno la kwanza halijatoka, ing'oe. Atabaki nje na hatakuwa na nguvu ya kurudi. Na mashine ya mama itolewe ukutani kwanza, asipate njia ya pili.

"Na nikichelewa?" mume akauliza.

"Ukimwacha aimbe atakuwa ameshapata nguvu ya kuchagua. Ataingia kifua kilicho karibu, kilicho dhaifu." Akamtazama. "Wanasema wewe una sikio. Basi leo ndiyo kazi yake."

Mke akaenda chumbani, akachomoa mashine, akapanda kitandani akamkumbatia mama mkwe kutoka nyuma, akausikia ule mgongo mwembamba ukihangaika kwenye kifua chake. "Kidogo tu, mama," akamnong'oneza. "Kidogo tu, vumilia." Upande wa pili santuri ikaanza. Ikaenda ubeti wa kwanza, ikaenda wa pili, na kadiri ilivyoendelea ndivyo pumzi za mama zilivyokuwa chache, na mke akaanza kupumua kwa nguvu yeye, kama vile angeweza kumpumulia, huku akihesabu maneno ya wimbo asiyeupenda, akimwomba Mungu mumewe awe na akili leo, leo tu, halafu asikilize anachotaka maisha yake yote.

Sebuleni, Sikio alikuwa amepiga magoti, mkono wa kushoto kwenye plagi. Gitaa likabaki peke yake. Na akaisikia pumzi ikivutwa, wazi kabisa, ndefu, imejaa, kama hajawahi kuisikia kwenye mashine yoyote ya mtu yeyote, akajua kwamba baada ya pumzi ya namna hiyo lazima itoke sauti ambayo hataisikia tena mpaka anazikwa, na vidole vyake, vilivyokuwa vimeshakaza, vikangoja. Mstari mmoja. Aliuacha mstari mmoja tu uimbwe. Machozi yalikuwa yanamtoka, na alipovuta, plagi ikamjia mkononi bila ubishi, kama jino lililolegea.

Chumba cha pili mama mkwe alitulia tuli mikononi mwa mke. Halafu akavuta pumzi kubwa mno, akaishusha, akasema, "Haya basi."

Mke akalia mpaka akaishiwa.

"Umevuta wakati niliokwambia?" mganga akamuuliza mume.

"Wakati ule ule."

Mganga akamwangalia kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha soketi ilipofunguliwa ukutani, akaifunga kwenye kitambaa, akatafuta viatu vyake, akaondoka zake akichechemea.

Midomo ya mama mkwe ikawa na rangi. Akaomba chai, akaomba na ya pili. Mashine ikasukumwa chini ya kitanda, hakuihitaji tena. Kila asubuhi alimkosoa mke mishono yake na mke alikosolewa kwa furaha. Amplifaya ikafunikwa shuka. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu mke alilala usingizi usio na sikio moja wazi, na akiamka alijihisi bado amechoka, lakini uchovu wa kawaida, ule ambao watu huamka nao waende kazini.

Jioni moja umeme ukakatika mtaa mzima. Cherehani ikasimama katikati ya mshono. Televisheni za majirani zikanyamaza, friji ikanyamaza, na katika ukimya ule mke akasikia gitaa.

Akaenda akipapasa ukuta. Chumbani kulikuwa na mwanga hafifu wa dirishani. Mama mkwe alikuwa amelala chali, kinywa wazi, midomo haichezi, na ule wimbo ulikuwa unatoka humo, umekamilika, hata vidole vikisikika vikiteleza kwenye nyuzi za gitaa. Mumewe alikuwa tayari yumo. Alikuwa amekileta kiti chake, amekiweka miguuni pa kitanda, sawa na katikati. Ovaroli ilikuwa bado mwilini.

"Umeme umekatika," mke akasema.

"Najua."

"Mwamshe mama."

"Mstari huu uishe kwanza."

Ndipo mke alipojua ile plagi ilitoka lini. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akaweka kiganja kwenye kifua cha yule aliyemfundisha kutunga uzi. Kilikuwa na joto na unyevu, kikitetemeka kidogo kidogo chini ya gauni. Akangoja kiinuke. Akangoja kishuke. Hakikupanda wala hakikushuka.

"Sogea kidogo," mumewe akanong'ona nyuma yake. "Unaziba sauti."