Harufu Katika Stoo ya Raba

Kila Jumanne na Alhamisi, kengele ya mwisho ilipolia, Annah alikuwa wa kwanza kufika kwenye stoo ya michezo. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwenye miguu mirefu, na pale shuleni kwao Masaka hapakuwa na msichana wa kumkamata mbioni. Wanariadha wa mbio ndefu walivalia raba zao humo stoo, wakapokea tepe za mkononi kutoka kwa Kocha Praxeda, kisha wakatoka kwenda kuparamia vilima.

Kocha Praxeda, Mtanzania aliyewahi kuwa mkimbiaji mwenyewe, aliwagawa wanafunzi wake kwa uwezo. Wenye utepe mweupe ndio kwanza walikuwa wanaanza: walikimbia dakika moja, wakatembea dakika mbili, hivyo hivyo mpaka nusu saa iishe. Wa njano walikimbia kilomita tatu bila kusimama. Wenye utepe mwekundu walikuwa watano tu. Hao walikimbia kilomita sita, na miongoni mwao angechaguliwa msichana mmoja na mvulana mmoja wa kwenda kwenye mashindano ya wilaya. Annah alikuwa na utepe mwekundu, na siku nyingine hakuurudisha, akauvaa hata darasani.

Alhamisi moja, mlango wa stoo ulipofunguliwa, harufu mbaya iliwapiga usoni.

"Mh! Kuna panya amefia humu?" alisema Hirwa, mvulana wa kundi jekundu, huku akiziba pua.

Ilikuwa harufu nzito, ya kitu kilichooza kikiwa kimefunikwa. Annah alihisi mate ya kichefuchefu yakimjaa kinywani, akatoka nje kutema. Aliporudi, macho yake yalimwangukia Nyiraneza wa kundi jeupe, aliyekuwa ameinama akifunga kamba za raba zake kuukuu. Shule nzima ilijua kwamba kwa kina Nyiraneza wanafuga nguruwe.

"Panya wa nini?" Annah alisema kwa sauti. "Muulizeni anayetoka bandani."

Wote wakageuka kumtazama Nyiraneza. "Mimi nimeoga," alisema yule msichana polepole, lakini kicheko kiliizima sauti yake. Rodney wa kundi la njano alisubiri Nyiraneza avue raba zake ili azilegeze kamba, akazinyanyua kwa ncha ya kijiti kama mtu anayeondoa mzoga, akazitupa nje kwenye tope. Annah alicheka mpaka akashika mbavu.

Jioni hiyo hakukimbia vizuri. Kisigino cha mguu wa kulia kilimchoma kama kaa la moto, akafika wa mwisho katika kundi lake. Alipoingia stoo wenzake walikuwa wamekwisha kuondoka. Akakaa chini, akavua raba.

Uvundo ule ule ukapanda.

Annah alitazama huku na huku. Hapakuwa na mtu wala panya. Akashusha soksi, ikagoma, ilikuwa imegandana na ngozi. Alipoivuta kwa nguvu, ilibanduka pamoja na plasta ya zamani, na usaha wa kijani ukachuruzika mpaka sakafuni. Nusura atapike.

Wiki mbili nyuma alikuwa amepata lengelenge. Alilitumbua kwa pini, akabandika plasta, akanyamaza, kwa kuwa kila aliyeumia Kocha alimrudisha kundi jeupe mpaka apone. Tangu hapo alivaa soksi zile zile bila kuzifua, akiziacha ndani ya raba humo stoo kila baada ya mazoezi ili mama yake asione madoa. Maumivu aliyajua. Harufu hakutaka kuijua.

Alipaswa kusema. Badala yake alisubiri Jumanne, akaja na chupa ndogo ya manukato ya mama yake, akaimimina yote ndani ya raba. Harufu ya waridi ikachanganyika na ya kuoza, ikawa karaha kuliko mwanzo.

"Leo nguruwe kajipaka marashi!" Rodney alipiga kelele, na watu wakaangua kicheko. Annah hakucheka; aliinama akafunga kamba za raba zake. Nyiraneza alichukua raba zake, akaenda kuzivalia nje, mvua ikimnyeshea.

Siku hiyo ndiyo aliyopanga Kocha kuchagua wawakilishi. Annah aliuma meno, akaongoza wasichana kwa kilomita nne. Kwenye mteremko wa kuelekea bondeni mguu ukakataa kabisa. Aliketi kando ya barabara, machozi yakimtoka, wenzake wakampita. Muda si mrefu kundi jeupe likatokea, likiwa kwenye dakika zake za kutembea. Nyiraneza akasimama.

"Yooo, umeumia? Hebu nione."

"Usivue!" Annah alimshika mikono. "Tafadhali, usivue. Kunanuka."

Nyiraneza alikwisha kuilegeza raba. Harufu ilitoka, naye hakukunja hata uso. Alikitazama kile kisigino kilichovimba, kisha akamtazama Annah machoni, akaelewa kila kitu.

"Kumbe ni wewe," alisema.

Annah akainamisha kichwa. Hapo ndipo alipoiona mikono ya Nyiraneza. Ilikuwa imechubuka toka viganjani hadi viwikoni.

"Umefanya nini mikono?"

"Nilijisugua kwa jiwe," Nyiraneza alijibu. "Asubuhi na jioni, tangu Alhamisi. Niliamini mnachosema."

Annah alijisikia kinyaa kikubwa kuliko kile cha stoo, na safari hii hakikuwa cha usaha wala soksi. Kilikuwa cha nafsi yake.

Kocha Praxeda alifika akikimbia, na nyuma yake makundi mengine mawili. Kabla hajauliza, Annah alisema, "Kocha, harufu ya stoo ni yangu. Nilificha kidonda ili nisirudishwe kundi jeupe. Nilijua tangu Alhamisi, nikawaacha wamsingizie Nyiraneza. Mimi ndiye niliyeanza." Akamgeukia mwenzake. "Nisamehe."

Nyiraneza aliinuka. "Sijui kama nimeshakusamehe," alisema. "Lakini shika bega langu, twende."

Kwenye kituo cha afya, nesi alikisafisha kile kidonda huku Annah akilia kwa uchungu, akamwandikia dawa na kumkataza kukimbia kwa wiki tatu. Mashindano ya wilaya yakampita. Rodney aliitwa na Kocha, akaziosha raba za Nyiraneza kwa mikono yake na kumwomba radhi mbele ya wote.

Wiki ya nne Annah alirudi mazoezini. Nyiraneza, ambaye sasa aliweza kilomita tatu, alikuwa amepewa utepe wa njano. Annah akanyoosha mkono, Kocha akamfunga mweupe. Kisha Kocha akawaketisha wote wakiwa wamevua soksi, akakagua mguu mmoja mmoja.

"Nisikilizeni," alisema. "Tepe hizi si vyeo. Zinanionyesha mwili wako leo unaweza kubeba nini, na kesho nitakupa nyingine. Anayerudi kwenye mweupe ili apone hajashushwa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Annah alificha jeraha dogo likaoza, na uongo wake ukaenda kumchubua mtu asiye na kosa. Ukiumia, sema siku hiyo hiyo. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Na kabla ya kumnyooshea mwenzako kidole kwamba ananuka, anza kwa kuvua kiatu chako mwenyewe."

Wakainuka, wakajipanga bombani kunawa miguu.