Kasuku Achagua Kazi

Kila jioni, nyumba ya fundi bomba ilijaa sauti ya mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa binti yake wa mwisho. Alikuwa kidato cha tatu, na kila mtu alimwita Kasuku. Alisimulia ya shuleni, ya njiani, na hata ya watu asiowajua. Aliongea akiosha vyombo. Aliongea akipiga mswaki, mpaka povu likamdondoka.

Kaka yake alikuwa kinyume chake. Jina lake la utani lilikuwa Twiga, kwa sababu ya urefu wake. Maneno yake yalikuwa machache. Alifanya kazi ya kuziba pancha karibu na kituo cha mafuta. Akirudi, alinawa mikono kwa sabuni ya unga mpaka weusi wa matairi utoke. Kisha alikaa karibu na mlango, akamsikiliza mdogo wake.

Jioni moja Kasuku alikuja na habari mpya.

"Mwezi ujao tunachagua masomo ya mwaka wa mwisho," alisema. "Mimi naacha kemia. Mimi na kemia ni paka na panya. Nikimaliza shule naenda chuo cha maabara. Rafiki yangu kanipa tangazo lao. Ona!"

Kwenye tangazo kulikuwa na vijana waliovaa makoti meupe. Wote walikuwa wanacheka. Chini yao paliandikwa: "Kazi ya uhakika. Hakuna masharti. Nafasi chache, wahi!"

Twiga alilisoma tangazo lile mara mbili. Maneno yale aliyajua.

Alipomaliza shule, yeye naye alivutwa na tangazo la namna hiyo. Akajiunga na chuo cha umeme, akasoma miaka miwili. Alipopeleka cheti kiwandani, ofisa wa ajira alikitazama, akamrudishia. "Pole, kijana," alimwambia. "Chuo hiki hakijasajiliwa. Cheti hiki hakitambuliki." Twiga alirudi chuoni kuuliza. Alikuta mlango umefungwa, na kibao cha jina kimeng'olewa. Tangu siku hiyo hakushika waya tena.

Baba yao alilitazama tangazo, akaweka kijiko chini.

"Katika nyumba hii, habari ya vyuo imekwisha," alisema. "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Huyu akimaliza shule atakwenda kusuka na mama yake."

Mama yao alikuwa msusi. "Ususi ni kazi, sikatai," alisema. "Umetulisha. Lakini mwanao huyu mikono yake ni ya kukwangua sufuria. Akimsuka mteja leo, kesho mteja atakuja na polisi."

Hakuna aliyecheka. Kasuku alifungua mdomo aseme, kisha akaufunga. Hilo halikuwa jambo la kawaida. Twiga aliona machozi yanamlengalenga.

"Baba," alisema polepole, "mimi sikuumizwa na vyuo vyote. Niliumizwa na chuo kimoja. Niliingia kichwa kichwa, sikumuuliza mtu. Niruhusu nimpeleke kwa mwalimu wa ushauri. Tusikie kwanza. Ukiona halifai, basi."

Baba alikishika tena kijiko chake. Kisha alisema, "Kusikia hakuvunji mfupa. Nendeni."

Chumba cha mwalimu wa ushauri kilikuwa kando ya stoo ya vifaa vya michezo. Kilinuka mipira ya zamani. Ndani kulikuwa na kabati la vitabu na kompyuta moja. Ukutani kulikuwa na picha za wanafunzi waliomaliza, kila mmoja akiwa kazini kwake. Twiga alisoma katika shule hiyohiyo. Alikuwa akipita mbele ya mlango ule kila siku, wala hakubisha hodi hata mara moja.

"Shikamoo, mwalimu," alisema. "Mimi nilidhani chumba hiki ni cha watukutu."

"Marahaba. Wengi hudhani hivyo," mwalimu alijibu akicheka. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye miwani aliyoifunga kwa kamba shingoni. "Kaeni. Haya, binti, kwa nini maabara?"

"Makoti yao ni mazuri," Kasuku alisema. Akaona haya.

"Angalau umesema kweli. Na usipolazimishwa na mtu, unapenda kufanya nini?"

"Kuongea."

"Na kutembeza wagonjwa," Twiga aliongeza. "Bibi yetu alipovunjika mguu, alikataa kabisa kuinuka kitandani. Huyu alimchekesha mpaka akainuka. Akamtembeza uani kila siku."

Mwalimu alimtazama Kasuku kwa makini. Kisha akalichukua lile tangazo.

"Kila chuo halali kina namba ya usajili," alisema. "Serikali ina bodi inayosimamia vyuo. Majina ya vyuo vyote vilivyosajiliwa yako kwenye tovuti yake, na kuyaangalia ni bure. Tutafute."

Aliandika jina la chuo kwenye kompyuta. Hakikuonekana. Akaliandika tena, herufi kwa herufi. Hakikuonekana.

"Na hapa wamesema hakuna masharti," mwalimu aliendelea. "Neno hilo liogopeni. Chuo cha kweli kina masharti ya kujiunga. Kinakuambia unatakiwa uwe umesoma nini na umefaulu vipi."

Twiga aligeukia dirishani. Kutafuta jina kulichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Yeye kwa kutotafuta alipoteza miaka miwili.

Mwalimu alitoa kabatini kitabu cha maelezo cha chuo kilichosajiliwa. Akafungua ukurasa wa kozi ya maabara, akamsogezea Kasuku.

"Soma masomo wanayotaka."

"Biolojia," Kasuku alisoma. "Na... kemia." Sauti ilishuka.

"Ungeiacha kemia, mlango huu ungejifunga kabla hujaufikia. Ndiyo maana tunaanza mapema, hatungoji mtihani wa mwisho. Hata mikopo na ufadhili wa masomo vina tarehe zake. Wengi husikia dirisha la maombi likishafungwa. Lakini kwanza, usichague kazi kwa picha. Nenda ukaione. Hospitali huwapokea wanafunzi wakati wa likizo. Nitakuombea nafasi."

Walipoinuka, mwalimu alimgeukia Twiga. "Na wewe je?"

"Mimi nimeshapitwa, mwalimu."

"Umepitwa na nini? Kuna vyuo vya ufundi vinavyopima ujuzi alionao mtu. Unachojua kinahesabiwa, usichojua unafundishwa, hata jioni baada ya kazi. Mlango huu hauwafungii waliokwisha kumaliza."

Twiga alishukuru, akatoka. Njiani aliyeongea ni Kasuku tu.

Likizo ilipofika, Kasuku alikwenda hospitali. Jioni alirudi mbio, viatu mkononi.

"Maabara siendi!" alisema akiwa bado mlangoni.

"Haya, tumeanza," baba alisema.

"Baba, ngoja! Mle ndani ni kimya kama msikitini wakati wa sala. Watu wameinamia darubini tangu asubuhi. Kazi yao ni nzuri, nimeiheshimu, lakini nilikatazwa kuongea mara tatu kabla ya saa nne. Ningekaa mle mwaka mmoja ningepasuka."

"Tunaamini," mama alisema.

"Sasa sikilizeni. Nikapita mbele ya chumba kingine, nikasikia watu wanacheka. Nikachungulia. Mzee mmoja alipatwa na kiharusi. Amesimama katikati ya vyuma viwili, ameshika huku na huku. Yuko na dada mmoja, mtaalamu wa tiba ya viungo. Dada anamwambia, 'Mzee, huu mguu wa kushoto umelala, tuuamshe.' Mzee naye anamjibu, 'Uache, jana haukupata usingizi!' Na huku anatembea! Nikamuuliza yule dada, 'Hii nayo ni kazi?' Akasema ndiyo, ameisomea chuoni. Nikamuuliza wanataka masomo gani."

Alivitazama viatu vyake mkononi. "Kemia imo," alisema.

Safari hii hata baba alicheka.

Hakukubali siku ileile. Alikwenda mwenyewe kwa mwalimu, akaona kwa macho yake chuo cha tiba ya viungo kikiwa kwenye tovuti ya bodi. Akaomba namba ya simu ya mtu aliyesoma pale. Akampigia. "Mwanangu, usinifiche," alimwambia. "Cheti chako kilikataliwa popote?" Alipokata simu, alimwambia mkewe, "Huyu aende."

Kasuku hakuacha kemia. Alijiunga na wenzake waliokuwa wakisoma pamoja baada ya masomo. Hakuipenda, lakini aliielewa. Mwalimu alimsaidia kuomba ufadhili dirisha lilipofunguliwa. Alifaulu mtihani wa mwisho, akapokelewa chuoni.

Na Twiga? Alikaa na maneno ya mwalimu kwa muda mrefu. Asubuhi moja aliomba ruhusa kazini, akarudi kwenye kile chumba, akabisha hodi. Alilitafuta mwenyewe jina la chuo cha ufundi kwenye kompyuta. Alipoliona, aliliangalia tena ili awe na hakika. Alipimwa ujuzi wake, akasoma jioni, akafanya mtihani. Cheti alichopata kilikubaliwa na kampuni ya kwanza aliyoiomba kazi.

Siku moja alikuwa juu ya ngazi, anafunga taa katika zahanati mpya. Simu ikalia mfukoni. Alikuwa Kasuku, yuko kwenye mafunzo ya vitendo hospitalini.

"Kaka! Nimempata mgonjwa wangu wa kwanza. Mama mmoja, hakuwa ametembea tangu apate ajali. Leo kapiga hatua! Alinishika hapa begani, nikamwambia..."

"Kasuku," Twiga alimkatiza, "nina waya mkononi. Subiri nishuke."

Alishuka. Alikaa kwenye kidato cha chini cha ngazi, akaweka simu vizuri sikioni.

"Haya," alisema. "Nisimulie tangu mwanzo."