Futari ya Edinburgh

Sanduku la bati lilikuwa wazi juu ya mkeka. Bangili za fedha zilikuwamo. Shuka ya sikukuu ilikuwamo, imekunjwa vizuri. Barua ndizo hazikuwamo.

Inspekta Justus alipiga magoti, akalitazama sanduku bila kuligusa. Katika miezi minane aliyokaa Garissa alikuwa amepokea taarifa za risasi, za mabomu ya kutegwa barabarani, za ngamia waliochukuliwa. Taarifa ya wizi wa barua ilikuwa ya kwanza.

"Zilikuwa ngapi, Mama?"

"Kumi na tano," alisema Mama Shamso. Alikuwa mjane mrefu, mkavu, mwenye macho yasiyopepesa. "Zote ya mtoto yangu Hared. Yeye iko Ulaya, nasoma. Mkubwa yenu alisema leta barua Alhamisi. Sasa nalete nini?"

Sajini Kerrow, aliyeletwa kutafsiri, alitazama chini. Hapakuwa na la kutafsiri.

Justus alilijua jambo hilo vizuri. Siku nne nyuma, mfanyabiashara mmoja alikuwa ameapa kwamba Hared hayuko Ulaya. Yuko Diff, mpakani, amebeba bunduki pamoja na shifta, waasi wa huko. Bwana Lazarus, afisa wa usalama, aliandika jina la mama kwenye orodha. Mzazi wa shifta alipelekwa kizuizini na mifugo yake ikachukuliwa. Orodha ingeondoka na msafara wa malori Alhamisi saa mbili asubuhi. Mama Shamso alikuwa amepewa nafasi moja tu: alete barua za mwanawe, zithibitishe kwamba yuko chuoni Edinburgh, nchi ya Uskoti. Kuuliza huko kupitia ofisi za serikali kungechukua wiki kadhaa.

Leo ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na saba Januari, mwaka wa 1967.

"Uligundua saa ngapi?"

"Asubuhi nilienda hesabu ya watu. Narudi, nakuta hii."

Kila asubuhi wakazi wa mtaa walipangwa mistari uwanjani, askari wakawahesabu. Kwa muda wa saa nzima nyumba zilibaki tupu.

Justus alichunguza sanduku. Kufuli halikuguswa, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa mama. Mwizi alikuwa amefungua parafujo za bawaba kwa ncha ya kisu. Parafujo sita zilikuwa ndani ya kikombe cha chai, kando ya sanduku, zisije zikapotea. Kwenye bawaba palikuwa na vumbi jeupe, jepesi.

"Unga?" aliuliza Kerrow.

"Labda."

Nje, ua wa miiba ulikuwa umevunjwa upande wa nyuma. Kerrow aliinama, akashika tawi moja.

"Afande, matawi yote yameangukia nje."

"Naona."

"Mtu akivunja aingie, yataangukia ndani."

"Naona, Sajini. Usiseme kwa sauti."

Mlangoni alikuwa amesimama binti wa nyumba, Nafiso, mwalimu wa shule ya msingi iliyokuwa karibu. Alikuwa na miaka ishirini na miwili.

"Mwalimu, ni wewe uliyekuwa ukimsomea mama barua?"

"Ndiyo. Hared huziandika kwa Kiswahili. Mimi namwambia Hooyo, mama yetu, kwa Kisomali."

"Bahasha zake?"

"Watoto wa shule hupenda stempu. Nawapa."

"Kwa hiyo hakuna kilichobaki."

"Hakuna."

"Moja ipo," alisema Mama Shamso.

Alifungua fundo la mtandio wake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, laini kwa kushikwashikwa. "Hii ya mwisho. Ilikuja Ramadhani. Nalala na yeye."

Nafiso alinyoosha mkono haraka, kisha akaurudisha. Justus aliuona mkono huo ukienda na ukirudi.

Mama hakumpa karatasi bintiye. Alimpa Justus, akaifumba mikono yake juu ya mkono wa inspekta.

"Usibotese," alisema.

*

Mfanyabiashara aliyeleta habari aliitwa Hirsi. Aliuza ng'ombe. Aliketi ofisini mwa Justus akiwa ameshika kofia yake magotini.

"Jana asubuhi ulikuwa wapi? Na leo?"

"Uwanjani, nahesabiwa. Siku zote mbili. Uliza askari, nilikuwa mtu wa tisa."

"Hared ulimwona wapi?"

"Diff. Kisimani."

"Umbali gani?"

"Kama hapa hadi msikitini."

"Hizo ni hatua mia tatu. Ulimjuaje?"

"Urefu wake. Na koti."

"Koti gani?"

"La Ulaya. Zito."

"Hapa Garissa uliwahi kumwona Hared amevaa koti zito?"

"Afande, hapa nani anavaa koti zito? Hata wewe shati limekushika mgongoni."

Kerrow alikohoa kuficha kicheko.

"Basi ulimwona mtu mrefu mwenye koti," alisema Justus. "Ulipewa nini kwa habari hiyo?"

Hirsi aliizungusha kofia. "Kibali cha kusafiri Wajir."

"Ulikuwa umekiomba kwa muda gani?"

"Tangu mwezi wa nane. Nina mke Wajir, Afande. Hajaniona tangu mwezi wa nane." Aliinamia kofia yake. "Nilisema nilimwona mtu kama Hared. Wao ndio waliandika Hared."

Justus alimwacha aende. Mtu huyo hakuiba barua. Lakini Bwana Lazarus hakutaka kusikia habari ya koti.

"Nataka karatasi," alisema Lazarus kwenye simu. "Shahidi anasema yuko Diff. Mama anasema yuko Ulaya, halafu siku mbili kabla ya kuzileta, barua zinaibwa. Wewe ungeamini?"

"Nina barua moja, Mkuu."

"Ilete Alhamisi. Iwe ya kweli."

Jioni Justus aliifungua ile karatasi mezani, kando ya dirisha. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa duara.

*Hooyo mpenzi. Baridi ni kali na theluji imefika magotini, lakini usihofu, koti langu ni zito. Nafunga salama. Wenzangu wa hosteli wananishangaa, wanasema nitaanguka, nami nawaambia kwetu hata wazee wanafunga. Mchana wa huku ni mrefu kama wa nyumbani na kiu ni ile ile. Jana jua lilipozama, saa kumi na mbili na nusu, nilifuturu kwa tende tatu nikawakumbuka.*

Tarehe ilikuwa ishirini Desemba.

Justus aliisoma mara mbili. Kulikuwa na kitu kinachomsumbua, na hakukijua mpaka adhana ya magharibi iliposikika kutoka msikitini. Alitazama saa yake. Ilikuwa karibu saa kumi na mbili na nusu.

Aliitazama tena tarehe ya barua.

Miaka minne nyuma, yeye mwenyewe alikuwa mwanafunzi Uingereza, kozi ya upelelezi, miezi ya Novemba hadi Machi. Hakupenda kuizungumzia. Jumapili zilipita bila mtu kumsemesha. Mama mwenye nyumba alimruhusu kuoga Ijumaa tu, naye alikuwa akijipaka mafuta kila usiku kama mtoto mchanga kwa jinsi ngozi ilivyopasuka. Wiki ya kwanza ya Desemba aliona giza linaingia saa yake ikionyesha saa kumi alasiri. Alidhani saa imeharibika kwa baridi, akaipeleka kwa fundi. Fundi alicheka mpaka akakohoa. Kisha akamwonyesha saa zote za dukani, ukuta mzima, na zote zilisema saa kumi.

Na Edinburgh iko kaskazini zaidi.

"Sajini," aliita. "Kesho tunakwenda shuleni."

*

Watoto walikuwa nje kwa mapumziko. Nafiso alikuwa peke yake darasani, akifuta ubao. Alipowaona aliweka kifutio chini, taratibu.

"Mwalimu, jana wakati wa hesabu ya watu ulikuwa wapi?"

"Hapa. Walimu huhesabiwa shuleni."

"Mwalimu mkuu anasema ulitoka kwa nusu saa."

"Kichwa kilikuwa kinaniuma."

"Mwizi wetu aliziweka parafujo kwenye kikombe zisipotee. Hakugusa bangili. Alivunja ua akiwa ndani, ili ionekane mtu katoka nje. Na alikuwa na vumbi jeupe vidoleni."

Nafiso alitazama vidole vyake. Vilikuwa vyeupe kwa chaki mpaka kwenye kiungo cha pili.

"Hared yuko Diff?"

"Hapana. Wallahi, hapana."

"Yuko Edinburgh?"

"Yuko Edinburgh." Sauti ilikuwa ndogo sana.

"Basi kwa nini anafuturu saa kumi na mbili na nusu?"

Hakuelewa. Justus aliona kwamba kweli hakuelewa.

"Mwezi wa Desemba, Edinburgh, jua huzama kabla ya saa kumi alasiri. Saa kumi na mbili na nusu mtu aliyefunga ameshakula na kuosha vyombo. Mwenye kuishi huko hawezi kukosea hilo. Barua hii iliandikwa na mtu ambaye jua lake linazama saa ile ile mwaka mzima. Iliandikwa Garissa."

Nafiso alishika ukingo wa meza.

"Hared aliandika kwamba hajaona jua tangu afike," alisema. "Nilidhani ni mawingu."

Nje watoto walikuwa wakiimba mchezo wa kuruka kamba. Kerrow alikwenda kusimama mlangoni, akawapa mgongo.

"Za kweli ni ngapi?" aliuliza Justus.

"Nne."

"Na baada ya hizo nne?"

Alikwenda ukutani, akaishusha ramani ya dunia iliyokunjwa kwenye fimbo yake, akaanza kuikunjua. Barua zote zilikuwa ndani: rundo la zile za Garissa, na nne zimefungwa kwa uzi. Ya tano ilikuwa peke yake, imepigwa chapa kwa Kiingereza, na karatasi yenye mhuri imeambatishwa kwa pini.

Justus aliisoma amesimama. Iliandikwa na msimamizi wa hosteli tarehe tano Desemba, 1965. Alisikitika kumjulisha Bi. Nafiso kwamba kaka yake alifariki hospitalini kwa homa ya mapafu, baada ya kuugua siku sita. Karatasi yenye mhuri ilikuwa cheti cha kifo.

"Mwaka mzima na zaidi," alisema Justus.

"Baba alikuwa ameuawa Oktoba ile. Kisimani. Hatujui ni risasi za nani." Nafiso alizungumza akiitazama ramani. "Hooyo aliacha kula. Alikuwa anakula siku barua ya Hared ikifika, basi. Nikisoma, anakula. Halafu ikaja hii. Nilifika nayo nyumbani, akaniuliza, ni Hared? Nikasema ni Hared. Mzima? Nikasema mzima. Akasema, lete maziwa."

Alikunja kona ya ramani, akaikunjua.

"Nilisema nitamwambia akipata nguvu. Mwezi ukapita, akauliza mbona haandiki. Nikaandika. Nilisoma habari za theluji kwenye kitabu cha jiografia. Nilimpa koti, nikampa marafiki. Nilimfaulisha mitihani. Siku nyingine, Afande, nikiwa naandika, nilikuwa nasahau."

"Kwa nini uliziiba?"

"Walisema zitachunguzwa. Mwandiko ni wangu. Wakijua ni za uongo watasema tunamficha, yuko na shifta. Nilitaka siku chache nifikiri."

"Cheti hiki kingemwokoa mama siku ile ile alipoandikwa kwenye orodha."

"Najua."

"Ukakificha."

"Kingesomwa ofisini." Kwa mara ya kwanza aliinua macho. "Bwana Lazarus angekisoma kwa Kiingereza, Sajini angekitafsiri, na Hooyo angekuwa amesimama katikati ya askari. Ningemfanyia hivyo mama yangu?"

Kerrow pale mlangoni hakugeuka.

Justus alikunja cheti. Malori yangeondoka baada ya saa ishirini na mbili. Angeweza kukipeleka sasa hivi na kesi ingekwisha. Lakini mji ni mdogo. Habari ingemfikia mama kabla ya alasiri, kwa mdomo wa karani fulani.

"Sajini hatatafsiri," alisema. "Mimi pia sitasema. Utasoma wewe, nyumbani. Nitangoja nje ya ua. Ukimaliza, ndipo nitakipeleka kwa Bwana Lazarus."

"Sasa?"

"Sasa. Chukua na zile nne. Ni zake."

Nafiso alizichukua. Kisha, bila kuulizwa, akaikunja ramani akaitia kwapani.

*

Hawakungoja nje. Mama Shamso aliwaona, akasema mgeni hasimami juani, akawaketisha barazani penye kivuli. Mlango ulibaki wazi.

Nafiso alisoma kwa Kisomali. Alisoma polepole, bila kuruka kitu. Kerrow alivua kofia yake. Justus hakujua lugha, lakini alijua ni wapi barua imefika, kwa jinsi sauti ilivyokatika ikaanza tena.

Barua iliisha. Mama hakulia. Kisha Mama Shamso aliuliza swali moja, fupi.

"Anasema nini?" Justus alinong'ona.

"Anauliza nani alimwosha."

Nafiso alitafuta mstari, akasoma. Wanafunzi wawili, Msudani na Mpakistani, walimwosha na kumsalia. Kulikuwa na theluji. Walikuja na dira, wakaipima kibla wenyewe, kwa sababu wachimba kaburi hawakuijua.

Swali la pili lilikuwa refu kidogo. Kerrow alitafsiri bila kuombwa.

"Anauliza, huko aliko, uso wamemwelekeza upande gani."

Walisikia karatasi ngumu ikikunjuliwa juu ya mkeka. Justus alitazama ndani. Binti alikuwa amepiga magoti kando ya ramani ya shule. Aliweka kidole juu kabisa, kwenye kisiwa kidogo cha rangi ya waridi, akakishusha kuelekea kusini mashariki, mpaka Makka. Mama alikitazama kidole hicho. Kisha akaweka cha kwake chini, Garissa, naye akakipandisha, moja kwa moja, kaskazini. Vidole viwili vikakutana.

Mama Shamso alisema jambo. Kerrow alichelewa kulitafsiri.

"Anasema, sisi tukisali tunatazama juu, na yeye anatazama chini. Anasema basi mwaka huu wote tumekuwa tukitazamana."

Ndani, mama alimvuta binti yake kwa kichwa, akakilaza mapajani. Nafiso alilia kwa sauti kama mtoto. Mama alikuwa akimfuta chaki vidoleni kwa ncha ya mtandio, kidole kimoja kimoja.

Baada ya muda alitoka barazani na kile cheti. Alimpa Justus kwa mikono miwili.

"Beleka," alisema. "Wasome. Sasa mimi najua."

Jioni ile Bwana Lazarus alilifuta jina kwenye orodha kwa rula na wino mwekundu. Katika kitabu cha matukio, mahali palipoandikwa *wizi wa barua kumi na tano*, Justus aliandika kwamba mali imepatikana na mlalamikaji hana madai. Kisha akaifungua saa yake mkononi, akaiweka mezani, akangoja adhana.