Nyayo Nyekundu Kwenye Ubao

Kila asubuhi baba alichemsha chai, kisha akagonga mlango wa binti yake.

"Mama, amka! Mawimbi hayamngoji mtu."

Binti alikuwa na miaka kumi na tatu. Zamani aliamka kabla ya kuitwa. Siku hizi alijifunika shuka mpaka kichwani.

Walihamia mji huu wa pwani miezi mitatu iliyopita. Baba, fundi wa kuchomelea vyuma, alipata kazi hapa. Binti alikuja na nguo zake na ubao wake wa kupandia mawimbi. Walikotoka, hakuna mtoto aliyemshinda. Hapa, kila akisimama anaanguka. Watoto wa ufukweni wakambandika jina: Gunia.

"Gunia limeshuka!" walipiga kelele. "Nani kaagiza unga?"

Siku moja alirudi nyumbani mapema.

"Bahari ya hapa mbaya," alisema.

"Bahari ni maji. Wewe umekuwa mvivu. Unalala kama chatu, na ukiulizwa unanuna."

"Basi uza ubao. Sipandi tena."

Baba akautazama ubao. Labda ubao umepinda, aliwaza. Akaubeba hadi kwa jirani yao, mama mmoja anayetengeneza mbao za mawimbi. Binti akafuata nyuma.

"Shikamoo, mama," binti alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Jirani aliugeuza ubao, akaugonga kwa kidole. "Mzima huu. Na hizi nyayo nyekundu?"

"Nilimchorea mimi, akiwa na miaka kumi," baba alijibu kwa fahari. "Anaweka miguu hapo hapo. Ndiyo siri yetu."

Jirani aliulaza ubao mchangani. "Panda, mwanangu."

Binti alisimama juu ya nyayo. Vidole vilizipita alama. Magoti yalikaribia kugusana. Jirani alimsukuma begani kwa kidole kimoja. Puu! Chini.

"Fundi, unamsimamisha kama mtoto wa miaka kumi. Hiyo suruali yake imeishia wapi?"

Baba alitazama. Vifundo vya miguu vilikuwa nje.

"Viatu nimenunua mara mbili mwaka huu," alisema taratibu.

"Viatu umeviona, mtoto hukumwona. Anabalehe. Mifupa inarefuka haraka, misuli inafuata nyuma. Mwili unapoteza mizani kwa muda. Usingizi, njaa, kununa, ni kawaida ya umri huu. Si uvivu. Alale vya kutosha, ale vizuri, ajifunze upya kusimama."

Akamgeukia binti. "Na mambo ya hedhi, njoo uniulize bila haya."

Baba akakohoa, akatazama pembeni.

"Na wewe usikimbie, fundi! Ni binti yako."

Jirani alimwonyesha binti kutanua miguu na kukunja magoti. Akamsukuma tena. Safari hii binti aliyumba tu.

Jioni baba alichukua msasa, akaifuta rangi yote.

"Nikuchoree nyingine?"

"Usichore, baba. Bado narefuka."

Wiki mbili aliendelea kuanguka. Wiki ya tatu alipanda wimbi moja, akafika nalo hadi mchangani akiwa wima.

"Gunia limesimama!" watoto walipiga kelele. Mmoja akasogea, akamwomba amwonyeshe anavyoweka miguu.

Jumapili baba alichemsha chai kama kawaida. Akafika mlangoni kwa binti, akainua mkono agonge. Akaushusha. Akaifunika chai ya mwanawe kwa kisahani, akanywa yake polepole.