Ndiyo ya Lorna

"Bonyeza, bata. Usipofika swali la mwisho, posho ya kukosa kazi inakatwa. Sheria sikuitunga mimi."

Neville Tams aliitazama kompyuta kama mtu anavyotazama mbwa asiyemjua. Binti wa ofisi ya kazi hakuwa na ubaya, na kumwita bata hakukuwa tusi. Stoke nzima, mji wa vyombo wa Uingereza, watu huitana hivyo, muuzaji kwa mteja, mke kwa mume. Lakini Neville alikuwa amemaliza ujana wake akipanga vikombe kwenye tanuri la kiwanda cha vyombo. Kiwanda kimefungwa, na leo anaulizwa kama huduwaa akiona ua.

"Nikiduwaa ndiyo nitapata kazi?"

"Mtihani unatafuta nguvu zako za ndani, Bwana Tams."

"Zangu zilikuwa za mikononi, bata."

Kwenye kiti cha pembeni Ernie, mwenzake wa tanuri, alicheka mpaka akakohoa. Neville hakucheka. Kwa hasira alianza kubonyeza "hapana" bila kusoma. Hapana kwa ujasiri, hapana kwa huruma, hapana kwa ukweli, mpaka mwisho. Kompyuta ikawaza kidogo, kisha ikamsifu: Una kiu ya kujifunza. Akili yako ni ya kubuni. Pale wengine wanapopita, wewe huona uzuri.

Akageukia kiti cha pembeni.

"Ernie, wewe imekuambia nini?"

"Nina kiu ya kujifunza! Mimi! Na nimejibu ndiyo tupu."

"Mimi nimejibu hapana tupu."

"Basi hata mbwa wangu ana kiu," akasema Ernie, akaangua kicheko kipya.

Neville aliyajua maneno yale kwa moyo. Aliyasikia Jumapili, mezani kwa Lorna, mwanamke aliyekuwa akichora maua kwa brashi kwenye visahani kiwandani kwao na kupoteza kazi siku moja naye. Neville alikuwa amemposa mara nyingi, na kila mara Lorna aliitikia kwa kumwongezea chai. Aliyekuwa mume wake alimzoesha jina moja: daraja la pili. Ndivyo viitwavyo vyombo vyenye kasoro, vile vinavyouzwa bei ya chini kwenye geti la nyuma. Alimwita hivyo mbele ya wageni, na wageni walicheka.

Jumapili ile Lorna, aliyetangulia kufanya mtihani huohuo, aliyasema maneno yake polepole, kama anayesali.

"Nilikukataa siyo kwa kutokupenda, Neville. Niliogopa utanichoka. Sasa kuna kitu kimenipima. Hakinijui, hakina sababu ya kunibembeleza, na kimesema mimi si mtu wa pili."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo, ndiyo."

Akalia, na Neville akalia naye, chai ikapoa.

Sasa, akiwa nje ya ofisi, simu yake ilitetemeka. Ujumbe wa Lorna: "Umemaliza mtihani? Imekuambia nini, mpenzi?"

Akaandika: "Sawa na wako." Akafuta. Akaandika: "Mashine iliharibika." Akautuma.

Uongo ni kama ufa wa kikombe, hauonekani mpaka umimine chai ya moto.

Jumamosi walikwenda pamoja kwenye duka la chapati za shayiri, kuagiza za harusi. Foleni ilifika mlangoni, watu wote wanajuana.

"Hee, bibi harusi!" mwenye duka akaita, akigeuza chapati. "Umekubali lini, bata? Tulidhani Neville atazeeka na pete mfukoni."

"Nilikuwa sijijui," Lorna akajibu, akiona haya. "Ule mtihani wa ofisi ya kazi ndio ulionifungua macho. Uliniambia pale wengine wanapopita..."

"Wewe huona uzuri!" Ernie akamalizia kutoka nyuma. "Na akili ya kubuni! Wote tumepewa hayo hayo, mama. Muulize Neville, alibonyeza hapana tupu na ikamsifu vilevile. Kwani hajakuambia?"

Foleni nzima ikacheka. Haikuwa kwa ubaya. Ni kicheko cha watu waliodharauliwa pamoja. Kisha wakamwona Lorna uso, wakanyamaza mmoja mmoja. Chapati iliungua kwenye bamba la moto na hakuna aliyeigeuza.

Nje, Lorna alisimama kando ya ukuta.

"Ulijua."

"Lorna..."

"Nimeuliza, ulijua?"

"Nilijua."

"Na mashine iliyoharibika?"

"Haikuharibika. Niliogopa utaumia."

"Siyo kuumia. Uliogopa nitavunjika. Yule mume alinigonga kama kikombe miaka yote akasema nina ufa, na wewe, Neville, wewe ukamwamini."

Akaivua pete, akamwekea kiganjani, akaondoka bila kugeuka. Jioni ukaja ujumbe: "Usije. Waambie watu hakuna harusi."

Neville hakumwambia mtu. Aliketi na simu mbele yake kama anayekesha msibani. Jumapili akashindwa kujizuia. Akachukua kikombe chake cha kunywea, chenye mkono uliopinda, akaenda kugonga mlango wa Lorna.

Lorna alifungua, akakitazama kikombe.

"Umekuja kunihadithia kwamba kina kasoro lakini kinashika chai?"

Ndilo hasa Neville alilokuwa amelipanga njia nzima.

"Mimi si kikombe, Neville. Nimechoka kufananishwa na vyombo. Kiweke hapo chini, uingie."

Akakiacha kwenye ngazi, akaingia. Lorna hakuteleka chai. Alimwonyesha kiti, naye akaketi ng'ambo ya meza.

"Leo nakupima mimi. Hakuna kubonyeza. Uliogopa nini, kweli ya Mungu?"

Neville akazungusha kofia mikononi.

"Niliogopa ile ndiyo yako ilikuwa ya mashine. Kwamba ukijua ni upuuzi, utairudisha."

"Kwa hiyo hukunilinda mimi."

"Hapana. Nilijilinda."

"Na nikiirudisha?"

"Nitaumia. Nitaendelea kuzibua bomba lako la nje likiziba, maana jani likiingia hujui kulitoa."

Mdomo wa Lorna ukacheza, lakini hakucheka.

"Niambie ulichokiona kwangu. Usinipe maua."

"Mkaidi. Ukiimba, sauti inapotea njia. Siku ya kufungwa geti, sisi wanaume tulisimama tunalia kama watoto. Wewe ulirudi ndani ukaosha brashi zako zote na za wenzako. Nikauliza za nini, hakuna kazi kesho. Ukasema, haziwezi kuachwa chafu. Nilikuwa nakupenda kabla. Tangu hapo sijalala vizuri."

Lorna alivitazama vidole vyake, vile vya mchora maua.

"Nilisahau brashi," akasema taratibu. Kisha: "Iko wapi hiyo pete?"

"Mfukoni."

"Basi niulize upya. Ile nyingine hatuihesabu."

Neville akapiga goti, likalia kama mlango mkavu.

"Lorna, utaolewa nami?"

"Ndiyo. Na ukinificha neno tena, bomba nitazibua mwenyewe."

Walifunga ndoa mwezi uliofuata, kwenye ofisi ya msajili. Chakula kilikuwa chapati za shayiri, jibini na nyama. Vikombe vilikusanywa kabatini mwa kila jirani, hakuna viwili vilivyofanana. Na kama ilivyo ada ya watu wale, kila mgeni alikigeuza chake juu chini kabla ya kumiminiwa chai, kutazama muhuri wa kiwanda na alama ya daraja, wakaanza kubishana nani alikichoma na mwaka gani. Ernie akaapa chake ni daraja la kwanza.

"Na chako, bibi harusi?" akapaza sauti. "Kigeuze tuone!"

Lorna alishika kile cha Neville, chenye mkono uliopinda. Hakukigeuza.

"Kina chai, Ernie," akasema, akanywa.